Usukani Unaocheza na Gari Linaloyumba: Maswali ya Wenye Land Cruiser Mkonga

Majibu haya yamelenga Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile tunazoziita mkonga au hardtop: za springi za bapa mbele zilizotengenezwa hadi 1999, na za springi za koili mbele zilizofuata. Sehemu kubwa inafaa pia kwa gari lolote lenye ekseli nzima mbele (chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu), kama Land Cruiser 80, Nissan Patrol na Land Rover Defender za zamani, na Suzuki Jimny. Wenye Prado na Hilux wana swali lao mwishoni.

## Kabla ya kushika spana

Nitajuaje kama mchezo wa usukani umezidi, au ndivyo gari lilivyo?

Pima. Simamisha gari mahali tambarare, matairi yakitazama mbele, injini ikiwa imewashwa kama usukani ni wa pawa. Bandika kipande cha tepu kwenye ukingo wa usukani, juu kabisa, na shikilia rula karibu yake. Sukuma usukani kushoto kwa kidole mpaka msaidizi aliye nje aone tairi linaanza kusogea, weka alama. Rudi kulia hivyo hivyo. Umbali kati ya alama mbili ndio mchezo wako.

Kikomo cha Toyota kwa magari ya aina hii ni kama mm 40 kwenye ukingo wa usukani. Kwa usukani wenye kipenyo cha sentimita 40, hiyo ni kama digrii 11 za mzunguko. Mkonga wenye afya huwa chini ya nusu ya hapo. Ukipata mm 60 au 70, usibishane tena na mtu anayesema "haya magari ndivyo yalivyo". Sivyo yalivyo.

Gari langu linatangatanga barabarani lakini usukani hauna mchezo mkubwa. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Kuna matatizo manne ambayo madereva huyaita kwa jina moja.

Usukani kucheza ni kuzungusha usukani bila tairi kusogea: kuna kiungo kilichokwisha au kilicholegea. Gari kutangatanga ni pale usukani unapoitikia vizuri, lakini gari halishiki mstari na kila mara unalirudisha: mara nyingi ni matairi, kasta (ulalo wa kingpini kuelekea nyuma), matairi yaliyofunguka mbele, au kingpini (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia) zilizoshika. Gari kuvuta ni kuelekea upande mmoja tu: upepo, tairi, breki inayokamata, au ekseli iliyokaa upande. Kutetemeka ni jambo la nne, na lina swali lake chini kwenye kundi la kingpini.

Kabla ya kwenda gereji, jiulize lipi kati ya haya ndilo lako. Fundi akiambiwa "usukani mbovu" atabadilisha tairodi endi (kiungo cha ncha ya tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele). Akiambiwa "linashika mstari likipakia, likiwa tupu linayumba" ataanza kufikiri kuhusu kasta.

Je, inaweza kuwa ni barabara tu?

Ndiyo. Barabara zetu hujengwa zikiwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima huteremka kidogo kuelekea kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi huteremka kulia. Tafuta kipande cha lami kilicho sawa, au hamia kwa muda upande wa pili wa mgongo pale ambapo ni salama na hakuna gari. Likivuta upande ule ule hata mteremko ulipogeuka, tatizo ni la gari. Mifereji iliyochimbwa na malori kwenye lami nayo huvuta tairi, hasa tairi pana.

Ni salama kuendelea kuendesha?

Ukikuta mojawapo ya haya, usiendeshe: tairodi endi inayoonekana kupanda na kushuka ndani ya kikombe chake, nati isiyo na spliti pini, boksi la stelingi (boksi la gia za usukani) linalosogea kwenye chasisi, ufa wowote kwenye chuma kinachoshika usukani, au bolti za kichwa cha ekseli (sehemu inayogeuka pamoja na gurudumu) zilizolegea au kukatika. Mchezo mdogo wa bushi au boksi unaweza kukufikisha gereji kwa mwendo wa pole. Kiungo kinachoachia hakikupi nafasi ya pili.

Nianzie wapi?

Matairi na upepo, kisha jaribio la watu wawili, kisha jeki, kisha vipimo vya alaimenti. Boksi la stelingi ni la mwisho. Gereji nyingi huanza na boksi kwa sababu skrubu yake inaonekana na kuikaza ni kazi ya dakika tano. Tutaeleza kwa nini hilo huharibu.

## Matairi

Upepo gani unafaa?

Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva na uanze na namba hizo, ukipima matairi yakiwa baridi. Ukibadilisha saizi ya tairi, kibandiko hakitoshi tena. Kwa saizi za kawaida kama 235/85R16 na 265/70R16 kwenye gari lisilo na mzigo mkubwa, matairi ya mbele hutulia mahali fulani kati ya psi 32 na 40. Muhimu zaidi ni kwamba kushoto na kulia yasipishane. Tofauti ya psi 5 mbele inatosha kulivuta gari.

Waliotoka kwenye mchanga husahau. Ulishusha hadi psi 18 ili utoke, ukafika lami usiku, na asubuhi unalalamikia usukani. Tairi laini linapinda ubavuni kabla gari halijageuka, na hisia yake ni ile ile ya usukani uliolegea.

Nimefunga tairi mpya za matope na gari limeanza kuyumba. Ni tairi?

Huenda. Meno marefu ya mpira hupinda kabla ya kushika lami, na tairi jipya hupinda zaidi kuliko lililolika kidogo. Tairi pana hufuata kila mfereji. Tairi za zamani zisizo radial, ambazo bado zipo kwenye rimu za kufunguka za inchi 16, hutangatanga zaidi ya radial hata zikiwa nzima. Usichanganye radial na zisizo radial kwenye gari moja.

Jaribio lake ni rahisi: hamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, nenda njia ile ile. Tabia ikibadilika, umepata jibu bila kununua kitu. Kwa gari linalovuta, badilishana kushoto na kulia mbele. Mvuto ukihamia upande wa pili, ni tairi.

## Kutafuta mchezo kwa macho na vidole

Jaribio la watu wawili linafanywaje?

Hili lina thamani kuliko mashine nyingi. Gari liko chini kwa matairi yake yote, halijapandishwa jeki, injini imewashwa, gia ni nyutro, hendibreki imevutwa, magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe. Mtu mmoja anazungusha usukani kushoto na kulia kwa haraka ndogo ndogo, kama robo ya mzunguko. Wewe uko chini mbele, huku vidole vikiwa mbali na mahali pa kubanwa.

Fuata mwendo kuanzia juu kwenda chini, kiungo kwa kiungo. Usiruke. Shafti inayotoka kwenye usukani: je, viungo vyake vya msalaba au mpira wake vinazunguka pamoja pande zote mbili? Shafti inayoingia boksi ikizunguka, mkono wa pitimani (unaotoka kwenye boksi) unatikisika papo hapo? Boksi lenyewe linasogea kwenye chasisi? Mpira (kiungo cha gololi) wa draglinki, fimbo inayotoka pitimani hadi gurudumu: angalia upande wa pitimani, kisha upande wa gurudumu; weka kidole nusu kwenye kikombe na nusu kwenye mkono ulioshikana nacho. Mchezo wa nusu milimita macho hayauoni, lakini kidole kinausikia. Kisha tairodi endi mbili. Kisha angalia ekseli nzima: inahama kushoto na kulia chini ya chasisi?

Mahali ambapo kitu kimoja kinatembea na kinachofuata kinangoja, hapo ndipo mchezo ulipo. Andika kila unachokikuta, kwa sababu mara nyingi ni vidogo vitatu au vinne vilivyojumlishana.

Nimepandisha gurudumu kwa jeki, linacheza. Ni beringi gani?

Weka gari juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki na urudie. Mchezo ukipotea breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi za habu (kitovu cha gurudumu), kwa kuwa breki imefunga habu na kichwa cha ekseli kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, ni beringi za kingpini, juu au chini.

Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa upande huu ambao haupo juu na chini ni wa tairodi endi au draglinki.

Beringi za habu zinakazwaje?

Nati yake ni ya mm 54 na soketi yake inauzwa. Tafadhali inunue. Patasi na nyundo huumiza nati, hutupa vipande vya chuma kwenye beringi, na hakuna anayejua amekaza kiasi gani.

Pakia grisi mpya, kaza nati ya ndani hadi Nm 60 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) huku ukizungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, kisha ikaze tena kidogo tu, kama Nm 5. Funga mizani ya ndoano kwenye bolti ya gurudumu na uvute: habu ianze kuzunguka kati ya kilo 3 na 5.5 hivi. Ikiwa nyepesi au nzito, rekebisha. Weka washa ya kufuli, kaza nati ya nje hadi Nm 64, kunja mdomo wa washa, halafu pima tena kwa mizani, kwa sababu nati ya nje husukuma ya ndani. Beringi iliyokazwa kupita kiasi huungua, na iliyolegea huyumbisha diski na kusukuma pedi za breki nyuma.

Tairodi endi inacheza kidogo. Naweza kuikaza, kuichomelea au kuipasha moto?

Hapana, na hili halina mjadala. Mpira wake uliokwisha haurudi kwa kugongwa, na chuma cha usukani kilichochomelewa hupoteza ugumu wake mahali usipopaona. Badilisha. Moja ikiwa imekwisha, nyingine za umri ule ule zinafuata, kwa hiyo hesabu zote nne: mbili za tairodi na mbili za draglinki.

Kabla ya kufungua, hesabu nyuzi zinazoonekana au pima urefu kutoka kitovu cha mpira mmoja hadi kitovu cha mwingine. Endi moja ina nyuzi za kulia na nyingine za kushoto. Safisha shimo la koni likauke kabisa. Kaza nati kwa Nm 91 hivi, na kama tundu la spliti pini halijalingana, kaza mbele kidogo. Usirudishe nyuma. Hata hivyo lazima upime alaimenti baada ya kazi.

Ekseli inahama pembeni nikizungusha usukani. Ni nini?

Kwenye mkonga wa koili, fimbo ya panhadi ndiyo inayoshika ekseli isihame kushoto wala kulia. Bushi zake zikilegea, usukani unaisukuma ekseli kwanza kabla ya kugeuza matairi, na dereva anasikia mchezo ambao hauko kwenye usukani kabisa. Angalia ncha zote mbili, na angalia mashimo ya bolti: bolti iliyolegea muda mrefu hulitanua shimo likawa yai, na bushi mpya haitatibu hilo. Kaza bolti za bushi gari likiwa chini kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa limening'inia, mpira utajikunja kila siku na kupasuka mapema.

Kwenye springi za bapa hakuna panhadi. Huko angalia bushi za springi, pini za shakoli na U-bolti. Chuma kinachong'aa, au vumbi jekundu la kutu mahali vyuma viwili vinapokutana, maana yake vinasuguana. U-bolti zilizofunguliwa zikazwe tena baada ya kilomita mia chache za njia mbaya.

Nikibadilisha shokapu ya usukani, tatizo litakwisha?

Litajificha. Shokapu hiyo hupunguza mapigo yanayopanda kutoka kwenye matairi; haiondoi mchezo hata milimita moja. Ikiwa imevuja mafuta ibadilishe, lakini fungua ya zamani kwanza, fanya jaribio la watu wawili bila shokapu yoyote, maliza matatizo, ndipo ufunge mpya.

## Kingpini

Kwa nini beringi za kingpini husumbua sana kwenye magari haya?

Zinabeba uzito wa mbele, lakini hazizunguki. Zinatembea nyuzi chache tu kushoto na kulia, na muda mwingi zimekaa mahali pale pale, yaani matairi yakitazama mbele. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama ile ya Ngorongoro kwenda Serengeti, kila wimbi ni pigo moja, na roli za beringi huchimba vijishimo kwenye njia yake mahali pamoja. Sili ya ndani ya ekseli ikivuja, oili ya difu huingia na kuiyeyusha grisi ikawa supu nyeusi inayotoka nje ya mpira wa kichwa cha ekseli. Ukiona supu hiyo kwenye rimu, beringi zako tayari zinakula bila chakula.

Hakuna kitu kinachocheza, matairi mazuri, alaimenti imepigwa, na bado gari linatangatanga. Nini kimebaki?

Vijishimo hivyo hivyo. Kingpini yenye vijishimo haichezi, bali inashika katikati. Unageuza usukani kidogo, matairi hayataki kutoka kwenye shimo; unaongeza, yanaruka yakapita; unarudisha, yanashika tena. Dereva anahisi usukani umelegea kumbe umekwama. Ni kosa linalopita kwenye macho ya mafundi wengi kwa sababu jeki haioneshi kitu.

Ili kulithibitisha, pandisha mbele juu ya stendi, fungua tairodi na draglinki, kisha zungusha kila kichwa cha ekseli kwa mkono polepole kutoka upande hadi upande. Kizuri kinateleza kwa uzito ule ule mwendo wote. Kibaya kinadondokea kwenye tundu katikati, na utausikia mkononi. Dawa ni beringi mpya pamoja na vikombe vyake. Beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni fedha iliyotupwa.

Shimu za kingpini zinafanya kazi gani, na nikaze kiasi gani?

Shimu ni sahani nyembamba chini ya vifuniko vya juu na vya chini. Ukiondoa shimu unaongeza mbano kwenye beringi, ukiongeza unapunguza. Pia zinakiweka kichwa katikati ya ekseli, kwa hiyo andika zilizotoka juu na zilizotoka chini, unene wake, na upande wa gari. Usizichanganye kwenye sahani moja.

Pima mbano kwa mizani ya ndoano kwenye shimo la tairodi, ukivuta kwa pembe mraba na mkono, tairodi na draglinki zikiwa zimefunguliwa na sili kubwa ya nyuma haijafungwa. Kwenye ekseli hizi kichwa huanza kusogea kati ya kilo 3 na 6. Chini ya hapo gari hutetemeka. Juu ya hapo usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Nati za mkono wa kichwa zina washa za koni zilizopasuliwa. Zitoe kwa kugonga ncha ya bolti kwa shaba, si kwa patasi, na uzirudishe zote. Kaza kwa Nm 95 hivi na uzikague tena baada ya safari ya kwanza. Bolti hizi zikilegea hukatika, na zikikatika gurudumu linabaki bila amri ya usukani.

Usukani hutetemeka vibaya ghafla nikigonga shimo kwenye mwendo fulani. Ni nini?

Ni ekseli nzima kuingia kwenye mtikisiko unaojilisha wenyewe. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, kanyaga breki taratibu, toka barabarani. Linatulia mwendo ukishuka.

Chanzo hasa ni mbano mdogo wa kingpini, panhadi iliyolegea, au beringi za habu. Tairi lisilo na balansi au lililopinda huwa ndilo linaloanzisha tu. Kupiga balansi peke yake kutasogeza mtetemeko kwenye mwendo mwingine na kukupa matumaini ya uongo.

## Boksi la stelingi

Kwa nini msikaze skrubu ya boksi kwanza?

Kwa sababu boksi limetengenezwa libane zaidi katikati, matairi yakitazama mbele, na lilegee kidogo pembeni. Skrubu ya juu husogeza shafti ya pitimani karibu na nati ya gololi. Ukiikaza ili kufidia mchezo wa tairodi au kingpini, mchezo hautaisha, ila boksi litabana katikati, usukani hautarudi, na gololi zitakula njia yake. Umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Basi likazwe lini na vipi?

Pale tu jaribio la watu wawili limeonesha shafti ya kuingia inazunguka na pitimani inangoja, na viungo vingine vyote ni vizima. Fungua draglinki kwenye pitimani. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, rudi nusu yake kamili: hapo ndipo katikati ya kweli ya boksi. Shikilia skrubu, legeza nati yake ya kufuli, ingiza skrubu sehemu moja ya nane ya mzunguko, funga nati, jaribu. Rudia si zaidi ya mara mbili au tatu. Ukipitisha usukani katikati na kusikia mkwamo, umezidisha, rudisha. Boksi lisilotaka kutulia bila mkwamo limeisha.

Kama ni boksi la pawa, linatumia oili ya gia otomatiki ya daraja la Dexron. Oili pungufu au yenye povu huleta uzito na kelele, si mchezo.

Usukani haukukaa sawa baada ya alaimenti, fundi akaung'oa na kuurudisha sawa. Kuna ubaya?

Upo. Usukani sasa unaonekana sawa, lakini boksi liko pembeni ya katikati yake, sehemu ile iliyolegea. Gari litacheza na boksi jipya kabisa. Njia sahihi ni kuliweka boksi katikati kama ilivyoelezwa juu, kuyaelekeza matairi mbele, kisha kurekebisha urefu wa draglinki mpaka viwili vikutane. Usukani ung'olewe tu ikiwa mtu mwingine aliwahi kuung'oa.

Boksi linasogea kwenye chasisi.

Kaza bolti, kisha osha eneo lote kwa brashi na mafuta ya taa utazame ufa kuzunguka mashimo, hasa kama gari lina tairi kubwa au bampa zito na winchi. Ufa wa hapo ni kazi ya fundi wa chasisi: kusaga ufa wote, kujaza, na kuongeza sahani pana. Kupitisha moto juu juu hakutoshi.

## Alaimenti na kasta

Naweza kupima matairi yalivyokaa bila mashine?

Ndiyo, na kwa usahihi wa kuridhisha. Pandisha mbele, zungusha kila tairi huku ukishikilia msumari dhidi ya mpira ili uchore mstari mwembamba kuzunguka katikati. Shusha, sukuma gari mbele mita mbili au tatu bila kulirudisha nyuma. Pima kati ya mistari miwili mbele ya matairi, kwenye kimo cha habu, kisha nyuma ya matairi kimo kile kile. Mbele pawe padogo kuliko nyuma kwa mm 0 hadi 4. Mm 2 ni pazuri kwa radial. Mbele pakiwa pakubwa, matairi yamefunguka na gari halitashika mstari.

Rekebisha kwa kulegeza klampu mbili za tairodi na kuzungusha bomba lake.

Niligonga jiwe, tangu hapo gari linayumba.

Tazama tairodi kwa kuweka uzi ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Kwenye magari ambayo tairodi iko nyuma ya ekseli, tairodi iliyopinda hufupika, huvuta nyuma ya matairi yakaribiane, na mbele yakafunguka. Ndiyo maana pigo moja hubadilisha tabia nzima ya gari. Porini unaweza kuinyoosha kidogo ili ufike; nyumbani ifungwe nyingine.

Kasta ni nini, na inahusianaje na kunyanyua gari?

Kasta ni kulala kwa mstari wa kingpini kuelekea nyuma. Ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona na gari likae kwenye mstari. Land Cruiser za koili hulenga digrii 3 hivi. Ukiweka springi ndefu za mm 50 kwenye gari lenye mikono mirefu inayoshika ekseli, ekseli hujizungusha na kasta hupungua kwa takriban digrii 2. Iliyobaki ni ndogo mno: usukani unakuwa mwepesi, haurudi, gari linatangatanga. Tiba ni bushi zenye tundu la pembeni au sahani za kurekebisha mikono hiyo. Kwenye springi za bapa hutumika kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Ziwe za chuma, si za aluminiamu laini, na upande mnene uangaliwe vizuri kabla ya kufunga.

Kwa nini gari linatulia likiwa na mzigo na kuyumba likiwa tupu?

Nyuma imekaa juu mno. Mkonga wenye mm 2980 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hupoteza digrii moja ya kasta kwa kila mm 52 nyuma inaponyanyuka. Aliyeongeza majani ya springi nyuma kwa ajili ya abiria wa safari au magunia huona gari likikaa vizuri siku ya mzigo tu. Pima kasta gari likiwa tupu na uirekebishe kwa hali unayoendesha zaidi.

Kinyume chake, kuyumba likiwa na mzigo tu, kunatokana na uzito kukaa nyuma ya ekseli ya nyuma na kunyanyua pua, au na bushi za springi za nyuma.

## Mambo ya pembeni

Kila kitu mbele ni kizima. Inaweza kuwa nyuma?

Inaweza, na ni rahisi kusahau. Bolti ya katikati ya springi ya nyuma ikikatika, ekseli huteleza na kuanza kuliongoza gari kutokea nyuma. Pima kutoka kitovu cha gurudumu la nyuma hadi tundu moja la chasisi, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita chache inahitaji kufuatiliwa. Dalili yake ni gari linalobadilisha mwelekeo unapokanyaga na kuachia mafuta.

Linavuta tu ninapofunga breki, au baada ya kwenda kilomita kadhaa.

Gusa rimu zote baada ya mwendo, kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto kupita nyingine, kalipa au silinda inakamata. Hilo ni tatizo la breki, na alaimenti haitalitibu.

Nimevuka mto wenye kina. Nikague nini?

Fungua plagi ya kichwa cha ekseli na habu. Grisi iliyogeuka ya rangi ya maziwa imekunywa maji. Safisha na upakie upya kabla kutu haijaanza kwenye kingpini. Angalia oili ya difu pia, kwa sababu sili ile ile ya ndani ndiyo inayotenganisha viwili hivi.

Nina Prado au Hilux mpya. Je, haya yananihusu?

Jaribio la watu wawili na sehemu ya matairi, ndiyo. Lakini Hilux tangu ile ya 2005 na Prado za karibuni hazina ekseli nzima mbele wala kingpini. Huko tazama bushi zinazoshika raki ya stelingi kwenye chasisi, tairodi za ndani zilizofichwa na mpira wa raki, boljointi za chini, na bushi za mikono ya chini. Boljointi ya chini ikicheza badilisha siku hiyo hiyo. Kwenye magari haya ikiachia, gurudumu hulala chini ya gari.